Mwanafunzi wa osteopathi: neva na maumivu mnayaunganishaje na mgonjwa aliyelala mezani?

Mzizi_wa_Nyuma

Wakuu, naomba msaada kwenye somo la neva na maumivu, mwaka wa pili wa osteopathi, yaani tiba ya mwili kwa mikono. Kukariri si tatizo. Jozi 31 za neva zinazotoka kwenye ugwe wa mgongo nazitaja hata usingizini: 8 za shingo (C), 12 za kifua (T), 5 za kiuno (L), 5 za sakramu (S) na 1 ya kifandugu. Tatizo linaanza pale swali linapoleta mtu badala ya mchoro. Chukulieni mtu wa miaka 45, wiki ya tatu sasa, maumivu yanaanzia tako la kulia, yanapita nyuma ya paja na kuishia ukingo wa nje wa wayo. Hapo yote niliyokariri yanatawanyika.

Kwanza sielewi kwa nini hisia nyingine zinavuka upande wa pili wa ugwe mapema na nyingine zinasubiri hadi juu, na hilo linanifaa nini nikiwa na nyundo ya kupimia rifleksi mkononi. Pili, nitajuaje kama huyu ana mzizi wa neva uliokorofika au ni maumivu tu yanayohamia kutoka kwenye jointi za kiuno? Tatu, vitabu vya zamani vya osteopathi vinasisitiza segmenti ya ugwe (kipande kinachotoa jozi moja ya neva) "iliyoamshwa kupita kiasi", na walimu wa maumivu wa siku hizi wanalikwepa neno hilo. Nishike lipi? Na mikono yetu inazifanya nini neva, kwa ukweli wake?

Ugwe_Mzima

Nitajibu la kwanza, mengine wapo wanaoyajua kunizidi.

Anza kwa kutenganisha vitu viwili. Nosisepsheni ni kazi ya neva: kipokezi kimeguswa na joto kali, mgandamizo au kemikali za jeraha, na taarifa imetumwa. Maumivu ni kile anachokihisi mtu. Fasili ya chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, iliyorekebishwa mwaka 2020, inasema maumivu ni hali isiyopendeza ya hisia na mihemko inayoambatana na kuumia kwa tishu, kulikotokea au kunakoweza kutokea, au inayofanana na hali hiyo. Hilo "inayofanana" ndilo lililoingizwa 2020, na lina uzito: mtu anaweza kuwa na maumivu ya kweli bila jeraha la kuonyesha. Hapa chini nitasema "njia ya maumivu" kwa kufupisha tu, usiniige kwenye mtihani.

Sasa nyuzi. Za A-beta ni nene, mikromita 6 hadi 12, zina mailini (ganda la mafuta linaloharakisha ujumbe), zinakwenda mita 35 hadi 75 kwa sekunde, zinabeba mguso na mtetemo. A-delta ni nyembamba, mikromita 1 hadi 5, mailini kidogo, mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyuzi za C hazina mailini kabisa, hazizidi mikromita 1.5, zinajikokota kwa mita 0.5 hadi 2. Usiziache kama jedwali, zipigie hesabu. Kutoka kidole cha mguu hadi kwenye ugwe ni kama mita 1. A-delta ikienda mita 20 kwa sekunde inafika baada ya sekunde 0.05. Nyuzi ya C ikienda mita 1 inafika baada ya sekunde nzima. Ndiyo maana mtu akijikwaa kuna mchomo wa kwanza, mkali, unaojua mahali pake, halafu kimya kifupi, halafu ule wa pili unaowaka na kufukuta. Ukishaliona hilo huzisahau tena namba zile.

Miili ya seli za nyuzi hizi imo kwenye ganglioni (fundo la seli za neva) ya mzizi wa nyuma, na ganglioni hiyo iko kwenye tundu kati ya pingili mbili, nje ya ugwe. Wengi wanaichora ndani ya ugwe, na wakifika kwenye diski za kati ya pingili na siatika (maumivu ya neva yanayoshuka mguuni) wanakwama bila kujua kwa nini. Kutoka hapo nyuzi zinaingia pembe ya nyuma ya ugwe, ile aliyoigawa mwanaanatomia Bror Rexed kwa matabaka mwaka 1952. C zinaishia zaidi tabaka la I na II, A-delta la I na V, A-beta kuanzia la III hadi la V. Lipe tabaka la V muda wako. Nyuroni zake zinapokea mguso, mchomo na taarifa za viungo vya ndani, zote kwa mlango mmoja. Kiwambo, msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, kinatuma kwa neva ya freniki kupitia C3 hadi C5, na ngozi ya juu ya bega inatuma C3 na C4. Nyuroni ikibishiwa hodi haina namna ya kujua ni nani yuko nje, na ubongo unachagua ngozi na misuli kwa kuwa ndiko hodi nyingi hutoka. Kwa hiyo bega linalouma lakini halibadiliki hata ulizungushe vipi, fikiria kibofu nyongo, wengu, moyo au ncha ya pafu kabla ya kuanza kulikanda.

Kuvuka kwenyewe ni hivi. Nyuroni ya pili ya mchomo na joto inavuka palepale, ndani ya segmenti 1 au 2, ikipita mbele ya mfereji wa kati, kisha inapanda upande wa pili hadi thalamasi, kituo cha kupokezana hisia ndani ya ubongo. Mtetemo na hisia ya mkao wa viungo vinapanda upande uleule kwenye safu za nyuma na kuvuka kwenye medula, sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo. Zoezi: kata nusu ya kushoto ya ugwe kwenye T8. Mguu wa kushoto unapoteza nguvu, mtetemo na mkao. Mguu wa kulia unapoteza mchomo na joto, kuanzia kama T9 au T10 kushuka. Ndiyo hali iliyopewa jina la Brown-Séquard. Faida yake mezani: ukimkuta mtu mguu mmoja dhaifu na mwingine hausikii pini, hakuna diski ya kiuno inayoweza kufanya hivyo. Tatizo liko kwenye ugwe, na mikono yako haina kazi hapo zaidi ya kuandika barua ya rufaa.

Juu ya thalamasi usipoteze wiki nzima. Taarifa zinasambaa kwenye sehemu kadhaa za ubongo, yaani gamba la hisia, insula na singuleti, hakuna "kituo cha maumivu" kimoja. Kinachostahili wiki ni njia inayoshuka: kutoka sehemu ya kijivu ya ubongo wa kati inayozunguka mfereji, hadi sehemu ya juu ya medula upande wa mbele, hadi pembe ya nyuma tena, ikitumia serotonini, noradrenalini na opioidi za mwilini. Inaweza kufunga breki kwa maumivu na inaweza kukanyaga mafuta. Wanafunzi wanaishika breki wanasahau mafuta.

Namna ya kusoma: karatasi tupu, chora kipande cha ugwe kwa kalamu tatu, rangi moja kwa kila aina ya nyuzi, bila kitabu. Ndipo ufungue kitabu usahihishe kwa rangi ya nne. Rudia siku ya 3, ya 7, ya 21. Kukodolea macho mchoro wa mtu mwingine kunampa mtu raha ya kudhani anajua.

Nyundo_na_Pamba

La pili nalichukua mimi.

Kuna hali tatu, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa nazo zote. Kuna maumivu ya kuhamia, yanayotoka kwenye jointi, ligamenti au misuli. Kuna maumivu ya mzizi wenyewe. Na kuna upungufu wa mzizi, yaani ganzi, udhaifu na rifleksi iliyozimika, ambao si maumivu hata kidogo. Ukiziita zote "siatika" umejifunga macho.

Maumivu ya kuhamia alianza kuyachora vizuri John Kellgren mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa kuchoma maji ya chumvi ya asilimia 6 kwenye misuli na ligamenti za watu wazima wa afya. Ni mazito, ya ndani, mapana, kingo zake hazishikiki. Mtazame mgonjwa mkono wake: anapapasa tako na paja kwa kiganja kizima, anasema panawanga au panavuta. Mara nyingi hayavuki goti, ingawa yanaweza. Mwenye maumivu ya mzizi anachora mstari kwa kidole kimoja, mkanda wa upana wa sentimita chache, hadi chini ya goti. Maneno yake nayo ni mengine: umeme, moto, sindano, sisimizi wanatembea. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya maumivu, kwa hiyo usimlishe mgonjwa maneno. Uliza "yakoje?" kisha nyamaza. Baadaye ukitaka namba tumia dodoso la DN4, lina vipengele 10, na alama 4 kwenda juu zinaelekeza kwenye maumivu ya neva.

Jambo linaloponyoka wengi: mzizi mzima wenye afya ukibanwa tu unaleta ganzi na udhaifu, hauleti maumivu ya kudumu. Maumivu yanataka mzizi wenye inflamesheni, au kubanwa kwa ganglioni yenyewe. Ndiyo maana kuna mtu anayelia kwa maumivu na rifleksi zake zote ziko sawa, na kuna mwingine anayesema "sasa afadhali, mguu hauumi tena" kumbe kisigino hakinyanyuki. Huyo wa pili hajapona, amezidiwa.

Kwa kesi yako, ukingo wa nje wa wayo ni S1. Mfanyie haya.

Nguvu ya S1 usiipime kwa mkono. Misuli ya shavu la mguu ina nguvu kuliko bega lako, itakushinda hata ikiwa imepungua theluthi. Msimamishe kwa mguu mmoja, ncha za vidole vya mkono zikigusa ukuta kwa ajili ya kusawazika tu, goti limenyooka, anyanyue kisigino mara 10. Halafu mguu wa pili. Angalia kimo, si idadi peke yake: mguu dhaifu unaanza kushuka kimo mara ya tano au ya sita, na mgonjwa anaanza kukunja goti au kuegemea ukuta ili kuficha.

Rifleksi ya kisigino ndiyo inayoharibiwa zaidi na wanafunzi. Alale chali, goti likunjwe na kulala nje, mkono wako ushike wayo na kuuvuta kidogo kuelekea muundi ili kano iwe na mvutano. Kano ikilegea hupati kitu. Shika nyundo mwishoni mwa mpini, iache ianguke kwa uzito wake, kifundo chako cha mkono kikiwa kimelegea. Usipopata jibu, mwambie afungamanishe vidole vya mikono miwili na kuvivutanisha kwa nguvu wakati huohuo unapogonga. Ndiyo mbinu ya Jendrassik. Mara nyingi rifleksi uliyokwisha kuiandika "haipo" inajitokeza.

Hisia: pamba kwa mguso, pini ya kipimo ya kutumia mara moja kwa mchomo, uma wa mtetemo wa Hz 128 juu ya mfupa. Usitumie sindano ya dawa, imetengenezwa kutoboa. Macho yafungwe. Usiulize "unasikia?", uliza "huku na huku ni sawa au tofauti?", na anzia penye ganzi ukielekea penye uzima, kwa sababu mtu anatambua mpaka haraka zaidi hisia inaporudi kuliko inapofifia.

Kisha pima jirani zake ili uwe na uhakika ni S1 peke yake. L5: kidole gumba cha mguu kikunjwe juu dhidi ya kidole chako, pia kupanua paja pembeni akiwa amelala ubavu. L4: kunyanyua wayo juu, na rifleksi ya goti ambayo ni L3 na L4. Kumbuka pia diski inayochomoza kwa nyuma pembeni kati ya L4 na L5 humkuta mzizi wa L5, si wa L4, kwa sababu ule wa L4 umekwisha toka juu yake. Ikichomoza mbali zaidi pembeni, ndipo L4 anapoguswa. Shingoni ni kinyume: neva 8, pingili 7, kila moja inatoka juu ya pingili ya jina lake isipokuwa C8, hivyo diski ya C5 na C6 inagusa C6.

Kabla hujamgusa kwa tiba, uliza bila aibu: mkojo unatoka kawaida? Unausikia unapopita? Ukijipangusa, ngozi ya kati ya mapaja unaisikia? Miguu yote miwili inauma? Haja kubwa na tendo la ndoa vimebadilika? Jibu baya kwenye haya, anakwenda hospitali ya dharura siku hiyohiyo. Mizizi ya S2 hadi S4 haina subira.

Mzizi_wa_Nyuma

Asanteni sana. Hilo la kisigino kunyanyuka mara 10 halimo kabisa kwenye maandishi yangu. Swali la haraka: nikinyanyua mguu ulionyooka na mtu akasema inamvuta nyuma ya goti kwenye pembe ya nyuzi 60, naandika chanya?

Nyundo_na_Pamba

Hapana. Kuvuta nyuma ya goti ni misuli ya nyuma ya paja kwa watu wengi. Chanya ni pale yanaporudi maumivu yake mwenyewe, ya mguuni, kati ya nyuzi 30 na 70 hivi. Ukitaka kutofautisha, shusha mguu kidogo hadi maumivu yapotee, ushike hapohapo, kisha kunja wayo kuelekea muundi. Yakirudi, mwambie akunje shingo, kidevu kifuani. Misuli ya paja haijui shingo inafanya nini. Neva inajua, kwa sababu utando wa ugwe ni mmoja kutoka kichwani hadi sakramu.

Kipimo hiki kinawanasa wengi, hata wasiohusika. Ukinyanyua mguu usiouma na maumivu yakaja kwenye mguu mgonjwa, hapo una ushahidi mzito zaidi, ila hutaupata mara nyingi.

Tabaka_la_Tano

Nije kwenye la tatu, maana ndilo linalowagawa watu.

Segmenti iliyoamshwa ina historia ya heshima. Andrew Taylor Still, mwanzilishi wa osteopathi, alifungua chuo chake Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na ni hukohuko Kirksville ambako miaka ya 1940 watafiti Denslow na Irvin Korr walipima jambo hili: kwenye baadhi ya ngazi za mgongo, mgandamizo mdogo tu juu ya pingili uliamsha misuli ya jirani, wakati ngazi nyingine zilitaka mgandamizo mkubwa. Walichokiona ni kizingiti, yaani kiasi cha chini cha kichocheo kinachotosha kuamsha, kilichoshuka ndani ya ugwe. Hawakukosea kwenye hilo. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwa wanyama kwamba jeraha la pembeni linabadilisha msisimko wa ugwe wenyewe, na mabadiliko hayo yanabaki baada ya kichocheo kuondoka. Huo ndio unyeti wa kati.

Utaratibu wake unaelezeka vizuri. Nyuzi za C zikipiga mfululizo zinamwaga glutameti na dutu P, kemikali za kupitishia ujumbe. Kipokezi cha NMDA, mlango mmojawapo wa seli inayopokea, kwa kawaida kimezibwa na magnesi. Seli ikisisimka vya kutosha, magnesi inaondoka mlangoni, kalsiamu inaingia, na kuanzia hapo seli hiyohiyo inajibu kwa nguvu kitu ambacho jana ilikipuuza. Unaweza kuliona mezani: gusa kwa ncha butu mara 10, mara moja kila sekunde, mahali palepale, uulize maumivu ya mguso wa kwanza na wa kumi kwa kipimo cha 0 hadi 10. Mtu wa kawaida anapanda kidogo. Aliyenyetika anapanda ngazi mbili tatu au zaidi, na anaendelea kuumia ukishaacha. Pamba ikimuuma, hiyo ni ishara nyingine.

Usichanganye na unyeti wa pembeni. Huo uko kwenye tishu yenyewe: prostaglandini na bradikinini ambazo ni kemikali za jeraha zinashusha kizingiti cha kipokezi cha joto cha TRPV1, ambacho kawaida hufunguka kwenye kama nyuzi joto 43. Kikishushwa, maji ya uvuguvugu yanaunguza. Unyeti wa pembeni unabaki mahali pa jeraha. Wa kati unavuka mipaka na kuenea segmenti kadhaa.

Na hapo ndipo nadharia ya zamani inapopwaya. Ilidhani chanzo ni pingili iliyokaa vibaya, kwamba segmenti moja inabaki imewaka kwa miaka, na kwamba vidole vyako vinaweza kuitaja kwa jina. Watahini wawili wakipapasa mgongo mmoja kutafuta segmenti yenye kasoro, makubaliano yao ni hafifu. Picha nazo hazisaidii sana: mapitio ya mwaka 2015 ya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo shika kile Korr alichokipima, na uiache ile hadithi ya mfupa uliohama.

Mikono inafanya nini? Jointi ikilia "ko!", hakuna kilichorudi mahali pake. Picha za MRI za mwaka 2015 kwenye jointi za vidole zilionyesha uwazi wa gesi ukitokea ghafla ndani ya majimaji ya jointi. Kulia au kutolia hakutabiri nafuu. Kinachobadilika ni kizingiti cha maumivu kwa mgandamizo, kinapanda kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ndio mtaji wako: tumia dakika hizo mgonjwa afanye mwendo aliokuwa anauogopa, la sivyo umeupoteza.

Mguso wa polepole ni somo lake. Kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi za C za mguso, zinazopenda kasi ya sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, zaidi kama 3. Mkono wa mbele wenye urefu wa sentimita 20 unataka karibu sekunde 7 kuupitia mara moja. Jipime kwa saa, utashangaa jinsi ulivyo na haraka. Kuhusu kukandamiza kwa nguvu hadi mgonjwa akunje uso: maumivu mahali pamoja yanaweza kuzima maumivu pengine kwa muda, ndiyo, lakini breki hiyo ni dhaifu kwa wengi wenye maumivu sugu. Ukimkandamiza hivyo anashuka mezani akisema afadhali, usiku halali. Kwa huyo, punguza nguvu, punguza maeneo, mpigie simu kesho yake, ongeza taratibu.

Maneno nayo ni kichocheo. "Pingili yako imetoka" inakanyaga mafuta aliyoyataja Ugwe_Mzima. Sema "sehemu hii imekuwa nyepesi kushtuka, tutaizoesha mwendo tena." Ni kweli zaidi, na haimwogofyi mtu kuinama.

Pingili_ya_Saba

Nakubaliana na mengi ila naongeza tahadhari mbili, maana mazungumzo yote yamekaa kwenye mzizi kana kwamba neva ikishatoka kwenye tundu haibanwi tena.

Wayo uliodondoka si lazima uwe L5. Neva ya peronea ya pamoja inazunguka shingo ya fibula (mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu) chini kidogo ya goti, karibu kabisa na ngozi, na hubanwa kwa kukunja nne muda mrefu, plasta ngumu ya mfupa uliovunjika au kuchuchumaa. Zote mbili zinanyima kunyanyua wayo. Tofauti iko hapa: mwambie ageuze unyayo kuelekea ndani. Kazi hiyo ni ya tibialisi ya nyuma, inayopata L5 lakini kupitia neva ya tibia. Ikiwa dhaifu, pamoja na kupanua paja pembeni, ni mzizi. Zote mbili zikiwa na nguvu kamili, nenda kagonge taratibu shingo ya fibula.

Mkononi ni vivyo hivyo. Ganzi ya kidole gumba na cha shahada inaweza kuwa C6 au neva ya mediani kifundoni. Ngozi ya juu ya mnofu wa kidole gumba kiganjani inapata tawi linaloachana na mediani kabla ya handaki la kifundo, kwa hiyo handaki likibana, ngozi hiyo inabaki nzima. Pima na kukunja kiwiko na rifleksi ya bayasepsi. Zikipungua, panda shingoni.

Tahadhari ya pili: rifleksi iliyoongezeka. Watu wanatafuta iliyopungua tu. Kwa mtu mzima ugwe unaishia karibu na L1 au L2, chini yake ni mizizi mitupu. Basi mtu mwenye maumivu ya kiuno ambaye magoti yanaruka, kisigino kinatetemeka ukikivuta ghafla, na kidole gumba cha mguu kinapanda ukimkwaruza unyayo, hana maelezo yake kiunoni. Muulize kama vifungo vya shati vinamshinda siku hizi na kama anayumba akitembea gizani, kisha angalia shingo. Na shingo hiyo usiivute wala usiizungushe kwa kasi mpaka ipigwe picha.

Mzizi_wa_Nyuma

Moja la mwisho, kisha nakwenda kuchora. Mtu wa miaka 75, rifleksi za visigino hazipo pande zote mbili hata kwa mbinu ya Jendrassik, nguvu sawa, pini sawa, hana maumivu ya mguu. Nishtuke?

Nyundo_na_Pamba

Kwa umri huo, kutokuwepo pande zote mbili kwa usawa si ajabu. Kinachoshtua ni upande mmoja kuwepo na mwingine kutokuwepo. Ila usimalize hapo: weka uma wa Hz 128 kwenye kifupa cha jointi ya kidole gumba cha mguu. Asipousikia kabisa, panda kifundoni, panda gotini, mpaka uonekane unapoanzia kusikika. Kama vidole vya miguu yote miwili havisikii mtetemo, muulize kuhusu kisukari, pombe na vitamini B12, na uandike kwa daktari wake. Kwenye karatasi yako usiandike "rifleksi kawaida". Andika "kisigino kulia 0, kushoto 0, kwa Jendrassik", ili atakayempima baada yako ajue ulichokipata.